Mheshimiwa aliyeacha gari la watu akarudi nyumbani kwa miguu

Saa moja asubuhi, siku ya Jumamosi. Mwanamume mrefu aliyevaa suti nyeusi amechuchumaa kando ya gari jeupe, taulo kiunoni asichafuke, mswaki wa meno mkononi. Anasugua tairi taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

"Bibi harusi haangalii tairi," anasema bila kuinua uso. "Lakini shangazi yake ataangalia."

Huyu ni dereva wa magari ya kukodi ya harusi, kazi ambayo ameifanya kwa miaka kumi na minne. Mtaani kwake wanamwita Mheshimiwa. Akianza kueleza alivyolipata jina hilo, hucheka mpaka machozi yanamtoka.

Alipoajiriwa, yadi ya magari haikuwa na mlinzi, hivyo bosi wake alimruhusu kulaza gari nyumbani. Nyumbani kwenyewe kulikuwa chumba kimoja cha kupanga, yeye, mkewe na binti yao, choo wakichangia na wapangaji wengine watano. Mshahara wa mwezi haukutosha kununua hata tairi mbili za gari lile. Ila akishuka na suti ya kampuni, mtaa mzima ulimpisha.

"Hakuna aliyeniuliza kama gari ni langu," anasema. "Na mimi sikuona haja ya kuwasumbua kwa maelezo."

Ikawa akiingia dukani kununua kipande cha sabuni, kuna jirani pembeni anangoja soda. Wenye shida wakapiga hodi asubuhi na jioni. Kusema hana, hakuweza. "Nilikuwa nakopa kwa huyu ili nimkopeshe yule," anakumbuka.

Kilele chake kilikuwa mkutano wa wazazi, binti yao akiwa darasa la tano. Mheshimiwa alifika kwa gari, akakalishwa mbele. Mwalimu mkuu alipomaliza kueleza jinsi kuta za madarasa mawili zilivyochakaa, wazazi wote waligeuka kumtazama yeye.

"Nikasimama. Nilitaka kusema nitanunua brashi," anasema. "Mdomo ukasema nitapaka yote mawili."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wiki iliyofuata aliuza cherehani ya mkewe.

Mkewe, fundi nguo mwenye sauti ya upole na ulimi mkali, hajasahau. "Niliporudi kutoka sokoni nikakuta meza tupu. Nikamuuliza, baba, mashine yangu iko wapi? Akanijibu, iko ukutani, darasa la tano."

Siku tatu hakumsemesha. Siku ya nne binti akarudi mapema, barua mkononi: amerudishwa nyumbani kwa kutolipa ada ya mtihani.

"Baba," alimwambia, "darasa letu limependeza sana. Ila mimi siruhusiwi kuingia."

Mheshimiwa anasema maneno hayo yalimkata maini. Aliliacha gari uani, akavua suti, akaenda shuleni kwa miguu, fulana na kandambili. Mwalimu mkuu hakumtambua mpaka alipojitaja.

"Mwalimu, gari si langu," alimwambia. "Suti si yangu. Hata ile rangi ni cherehani ya mke wangu."

Mwalimu mkuu akanyoosha mkono kumwonyesha saa yake inayong'aa. "Hii nayo ni ya shemeji," alisema. "Niliiazima kwa ajili ya mkutano." Wakacheka wote wawili. Binti akaruhusiwa kufanya mtihani, na ada ikalipwa kidogo kidogo.

Tangu siku hiyo gari lililala yadini, ambako bosi alikuwa ameshaweka mlinzi, na Mheshimiwa akawa anarudi kwa miguu.

"Majirani walidhani amefukuzwa kazi," anasema mkewe. "Wawili walikuja kutupa pole. Mmoja alituletea unga, nikaupokea. Baada ya hapo, hodi za kukopa zikakoma zenyewe."

Jambo la kwanza walilofanya ni kulipa madeni. La pili, kununua cherehani nyingine. Kisha wakakubaliana kuweka akiba theluthi ya kila kinachoingia, pamoja na bahasha anazopewa na wenye harusi. Hazikuwa pesa za kutisha. Ilichukua miaka saba kununua kiwanja kidogo na kujenga vyumba vinne, viwili vya kuishi na viwili vya kupangisha. Kodi ya vyumba hivyo viwili sasa inatosha chakula cha nyumbani. Mkewe ana mashine tatu na mafundi wawili.

Kwa nje hakuna cha kumvutia mpita njia. Bati halijapakwa rangi, na mlangoni imeegemezwa baiskeli kuukuu. Ila mwaka jana, siku ya mahafali ya binti yao aliyehitimu ukunga, bosi alipiga simu. Mteja mkubwa alimtaka Mheshimiwa na si dereva mwingine, kwa malipo mara tatu.

"Zamani ningekubali kabla hajamaliza kusema," anasema. "Siku hiyo nikamwambia, bosi, leo namsindikiza mwanangu."

Bosi wake anakiri alikasirika. "Nilitaka kumtishia kibarua," anasema akijikuna kichwa. "Nikakumbuka huyu mtu akiba yake inamlisha miezi kumi. Sasa utamtisha na nini? Nikabaki kumpa hongera."

Mtaani jina la Mheshimiwa limebaki, japo siku hizi huitwa akiwa amebeba ndoo ya saruji ya kukarabati vyumba vyake. Vijana wa kazini humuuliza atanunua lini gari lake mwenyewe. Huwajibu kwamba anaendesha magari ya kifahari kila wiki, tena analipwa kuyaendesha.

Mipango yake ni mingine. Januari anaacha usukani kwa miezi sita, bila mshahara, akasomee ufundi wa umeme wa magari, kitu alichokitamani tangu ujana. Ada amekwisha kulipa yote. Ana miaka arobaini na tisa, na darasani atakaa na watoto wa umri wa binti yake.

Na akifeli?

Mheshimiwa anafungua taulo kiunoni, analikung'uta, anatabasamu.

"Nitarudia," anasema. "Muda ni wangu."