Mnyororo Ulionuka Maandazi

Baba yangu alijulikana kwa harufu kabla hajaonekana. Jioni, pikipiki yake ikirudi kutoka upande wa Grande Barrière, kwenye mpaka wa Goma, sisi uani tulipata kwanza harufu ya maandazi yakikaangwa, kisha mbwa wa mtaa wakaanza kubweka, na mwisho kabisa ndipo tukasikia injini. Wageni waligeuza shingo wakitafuta mama muuza maandazi yuko wapi. Kumbe ni baba, dereva wa kubeba abiria, aliyekuwa na ukaidi wake mmoja duniani: mnyororo wa pikipiki yake aliupaka mawese. Naam, mawese yale yale mekundu ya kuungia sombe, majani ya muhogo, yanayovuka mpaka kwa madumu kutoka Goma. Mafundi walimsihi anunue mafuta ya mnyororo kama wenzake, akakataa katakata. "Mafuta yenye inalainisha koo ya mutu, itashindwa na chuma?" aliuliza, na kila mtu akacheka.

Kila asubuhi baada ya swala, kazi ilikuwa yetu wawili. Mimi nilizungusha gurudumu la nyuma polepole kwa mkono, yeye akidondosha mawese kwenye mnyororo kwa unyoya wa kuku, ameng'ata ulimi kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Nilizipenda sana asubuhi hizo. Ubaya ni kwamba mawese hunasa vumbi, na vumbi la Gisenyi si la mchezo: jeusi, la volkano, linakwaruza kama msasa. Mnyororo ulitafunwa, ukalegea, ukapiga kelele kuliko injini yenyewe. Halafu matone yaliruka. Abiria aliyepanda na suruali nyeupe alishuka na madoadoa ya rangi ya chungwa, na baba akamwambia kwa uso mkavu kabisa kwamba hayo ni mapambo, hayalipiwi.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mjomba Amisi, kaka yake mama, aliyekaa Goma na kuja kwetu karibu kila wiki. Mjomba alikuwa na pikipiki kubwa, kuukuu, isiyo na mnyororo kabisa. Nguvu ya injini ilifika gurudumu la nyuma kwa mtaimbo unaozunguka ndani ya bomba, na mafuta yake yakakaa humo humo ndani, hayachafui mtu. Kitu hicho wenyewe hukiita kardani, na mjomba alilitamka neno hilo akiwa amefumba macho. "Shemeki, moto yako iko inanuka beignet!" alimtania baba, kwao moto ikiwa ni pikipiki na beignet ni maandazi. "Mi niko na kardani. Mambo ya kupaka mafuta mi hata sijue." Baba naye hakukubali kushindwa: "Bon, cheni ikikatika, mi naiunga hapa hapa njiani. Kardani yako ikikufa, utaibeba ku mugongo mpaka Goma?" Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Chai ilipoa, mama akaguna, na wiki iliyofuata wakaanza upya pale pale walipoachia.

Basi, kiangazi kile shangazi Saida akachumbiwa na kijana wa Nyamyumba. Shangazi ndiye ndugu pekee wa baba. Wazazi wao walifariki yeye akiwa mdogo, na baba ndiye aliyemlea, akampeleka shule, akamsuka nywele kwa vidole vyake vinene, vibaya ajabu. Nyumba ya bwana harusi ilikuwa juu ya mlima, na gari lisingeweza kufika. Kuanzia barabarani bibi harusi angepanda pikipiki. Baba alijua tangu siku ya posa kwamba mpandishaji ni yeye. Hakumwambia mtu, ila mimi nilimsikia asubuhi akiimba huku akipaka. Mama ndiye aliyekata shauri: "Baba Zuhura, nguo nyeupe na mawese? Hapana. Amisi atamubeba." Siku ile baba alikwenda kuuosha mnyororo kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani mpaka ukang'aa, akaukausha kwa kitambaa, akaketi akiutazama. Nilimwonea huruma hadi nikashindwa kula.

Asubuhi ya harusi mnyororo ule mkavu ulilia kama vifaranga. Baba alivumilia hadi tukapita sokoni, kisha akasimama, akachomoa kichupa cha mawese mfukoni. "Kidogo tu," aliniambia. Tulipofika chini ya mlima, mjomba alikwishafuta kiti cha kardani kwa leso yake. Shangazi akashuka garini na shela lake, akaitazama kardani inayometameta, akamtazama kaka yake aliyejibanza nyuma na unyoya wake. Akaenda kwa baba, akavaa kofia ya pikipiki juu ya shela. Mama alipiga ukelele. "Nguo tutafua," shangazi alisema. "Kaka kama huyu mi nitapata wapi mwengine?" Ukipenda boga, penda na ua lake. Mimi nilipanda kwa mjomba, na wallahi, kardani ilikuwa tamu, laini kama kubebwa mgongoni. Mbele yetu baba alipanda mlima akilia waziwazi, mbwa wa Nyamyumba sita au saba wakimfuata kwa harufu, na wakwe waliokuja kupokea bibi harusi wakatawanyika wakishika kanzu zao.

Leo pikipiki yangu ni ya umeme, mota yake imo ndani ya gurudumu. Idi iliyopita nilimbeba baba kwenda kwa shangazi. Aliizunguka, akainama nyuma, akatafuta. "Sasa munapakaka wapi?" Nikamwambia hakuna pa kupaka. Akapanda, na njia nzima akawa anageuka kulitazama gurudumu. Tulifika kimya kimya hata shangazi akashtuka jikoni: "Munaingia kama wezi!" Doa la chungwa bado liko kwenye pindo la ile nguo yake ya harusi, hakulifua kamwe, na huwaonyesha wajukuu. Jioni, wakati wa kuondoka, baba alichovya kidole kwenye mawese ya shangazi, akaja akapaka kidogo kwenye gurudumu langu la nyuma, kisha akapanda. "Haya, twende." Tulipofika barabarani, mbwa mmoja alitufuata, na baba akaanza kuimba.