Siku Gari ya Fredi Ilipokataa Kunyamaza

Ukipita Kondele ukasikia mtu akiniita "Bwana Mkoba", usicheke kwanza, ngoja nikueleze mwenyewe, maana wengine wanaongeza chumvi na aibu yenyewe inanitosha bila chumvi.

Miaka ile ya tisini mwanzoni nilikuwa fundi wa posho mill kule Obunga. Ile injini ya dizeli nilikuwa naielewa kuliko kichwa changu: ikinguruma sana unazungusha skrubu moja ubavuni, inatulia, mama anapata unga wake, basi. (Nilikuwa naota kwamba siku moja nitakuwa na gereji, jina langu ukutani kwa rangi nyekundu, na Awuor amekaa ndani anapokea wateja. Awuor mwenyewe nilikuwa sijamwambia. Alikuwa analeta mahindi kila Jumamosi, mimi namsagia mara mbili yawe laini, nikidhani huko ndiko kusema.)

Sasa dada yake Awuor alikuwa anaolewa kule Sondu, na viatu vya bibi harusi alikuwa navyo Awuor kwenye mkoba. Nani wa kumpeleka? Fredi. Huyu Fredi hakuwa na chochote isipokuwa mjomba mwenye gari, na miwani ya jua ambayo alikuwa haivui hata mvua ikinyesha. Alipoegesha mbele ya duka la mama yake Awuor mimi nilikuwa pale tangu asubuhi, nimevaa shati jeupe, eti nimekuja kununua kiberiti. Wivu ulikuwa unaniuma mpaka nausikia kwenye meno.

Awuor akaingia, akaweka mkoba wake chini, pale pa miguu penye matope. Fredi hata hakuona. Mimi nikaona! Nikasema moyoni, leo huyu msichana atajua ni nani anayemjali, nikaingiza mkono dirishani, nikautundika mkoba kwenye kachuma fulani kenye kichwa cheusi kalikochomoza chini ya usukani.

"Asante, Ouma," Awuor akasema. Jamani, mimi nilikuwa nimeshafika mbinguni.

Fredi akawasha. Injini ikapiga kelele kama inapanda mlima, na mguu wake haujakanyaga kitu, moshi mweusi nyuma, kuku wa jirani wakatawanyika. Akazima, akawasha tena, vile vile.

Hapo ningenyamaza, ningekuwa na jina langu mpaka leo. Lakini Fredi alikuwa amevua miwani, na raha niliyoisikia siwezi kuieleza. Nikasema kwa sauti, "Fungua boneti. Mimi ni fundi."

"Wewe si wa posho mill?"

"Injini ni injini, omera."

Nikapata skrubu kwenye kabureta. Nikazungusha, ikapungua kidogo. Nikazungusha tena, bado inanguruma, nikamwambia Fredi azime, awashe, azime, awashe, mimi nazungusha tu, mpaka skrubu ikatoka yote ikaangukia huko ndani na sijaiona tena. Watu walikuwa wamejaa. Mmoja akapaza sauti, "Fundi, weka mahindi basi!"

Mama yake Awuor akatoka dukani. "Yawa, nyinyi bado mko hapa? Mtoto wangu ataolewa miguu mitupu?"

Fredi akazima, akainama kutazama chini ya usukani. Akauliza polepole, "Nani ametundika mkoba kwenye choki?"

Choki, kumbe, ni ya kuvutwa asubuhi injini ikiwa baridi, ili inywe petroli nyingi. Uzito wa vile viatu ulikuwa umeivuta mpaka mwisho. Dizeli ya Obunga haina choki, ningejulia wapi? Awuor akaniangalia. Akautungua mkoba wake, akaupakata.

Choki ikarudishwa, lakini sasa betri imekufa, na bila ile skrubu gari ingezimika kila mguu ukiinuliwa. "Sukuma, fundi," Fredi akasema, akavaa miwani. Awuor akanipa mkoba dirishani, "Shika kwanza nifunge huu mlango," maana ule mlango ulitaka mikono miwili. Nikauvaa shingoni, nikasukuma. Hebu fikiria, kusukuma kwa bega lako mwenyewe gari yenye vichwa viwili vimekaa bega kwa bega! Ikashika, ikanimwagia moshi kwenye shati jeupe, ikaenda.

Mkoba uko shingoni mwangu.

Nikakimbia. Na kijana mweusi kwa masizi, anayekimbia Kondele na mkoba wa kike, hahitaji kujieleza.

"Mwizi!"

Wawili walikuwa wameshanishika kola, wa tatu ana jiwe, ndipo Fredi akageuza kwa kuzunguka kituo cha petroli bila kusimama (angesimama vipi?), na Awuor nusu mwili nje ya dirisha: "Mwacheni! Huyo si mwizi, ni fundi!"

"Fundi wa nini?"

"Wa posho mill!"

Kicheko ndicho kilichoniokoa. Awuor akaunyakua mkoba gari ikipita, wakaenda zao Sondu.

Jumamosi iliyofuata alikuja na mahindi. Nikamwomba msamaha nikitazama viatu vyangu. Akasema dada yake aliingia kanisani amevaa viatu vyake, ila Fredi hakuona harusi, alikaa nje ndani ya gari amekanyaga mafuta, akiogopa itazimika. Akacheka mpaka akafuta machozi.

Tangu hapo nimeapa kutotundika kitu cha mtu mahali popote. Hata Jumamosi ile msumari ulikuwepo ukutani pale kwenye mashine, lakini Awuor alipouvua mkoba ili amwage mahindi na kuninyooshea, niliushika kwa mikono miwili mpaka unga ukaisha kusagwa. Na huo unga ulisagwa mara tatu.