Mwenyekiti Aliyetuambia Tusiuze

Habari za kifo chake zilinikuta mpakani Busia, upande wa Uganda, nikibadilisha pesa kwa yule mama ninayemwendea siku zote. Hakunipa hata nafasi ya kumsalimia. "Wewe bado hujasikia? Mwenyekiti yenu amekufa jana, huko hospitali." Mdomo wangu ukasema pole, kwa kuwa mdomo umezoea. Kisha nikamuuliza anazikwa lini na wapi. Akanitazama kwa mshangao, maana mji mzima unajua mambo yaliyopita kati yetu na marehemu. "Na wewe unakwenda?" Nikamwambia nitakwenda. Akauliza nakwenda kufanya nini. "Kuona," nikamjibu. Najua, msomaji wangu, kwetu marehemu hasemwi vibaya. Mimi mwenyewe nimeandika katika safu hii kuhusu watu waliotutoka, nikafunika kasoro zao kwa shuka jeupe kama tulivyolelewa. Leo shuka hilo nimeliacha nyumbani.

Tulimwita Mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyeanzisha kikundi chetu cha wanunuzi wadogo wa hisa. Alikuwa amefanya kazi ya fedha mjini Nairobi miaka mingi, akarudi kwao akiwa na suti nzuri, sauti ya taratibu na duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Tulikutana Jumapili mchana, ibada ikishaisha, katika hoteli moja karibu na kituo cha forodha: wauza samaki, mawakala wa forodha, wauguzi, walimu, mimi na kalamu yangu. Nusu yetu tulikuwa Wakenya, nusu Waganda, na Kiswahili chetu kilikuwa mseto wa kila kabila la ukanda huu. Alitufundisha kufungua akaunti za hisa, kusoma taarifa za mwaka za kampuni, kutofautisha gawio na faida ya kupanda kwa bei. Sitamnyima haki yake: alijua kufundisha. Kabla yake, wengi wetu tuliamini soko la hisa ni mambo ya watu wa Nairobi na Kampala wenye madirisha ya vioo. Yeye alilileta mezani petu, kando ya sahani za samaki na kwon, ugali wa kwetu. Siku zisizo za mkutano, mjadala uliendelea kwenye simu. Mtu akiuliza swali asubuhi, kufikia saa sita alikuwa amejibiwa na watu kumi, na neno la mwisho lilikuwa la Mwenyekiti.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa Mwalimu, mstaafu kutoka upande wa Tororo, Mjapadhola mpole ambaye akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Mwalimu alikuwa na mke aliyezaliwa Buhehe, mfanyabiashara wa samaki wakavu, mwanamke wa maneno machache. Mwenyekiti alipoanza kutusifia kampuni fulani ya kukamua mafuta ya kupikia, alianza kwa Mwalimu. Alisema kampuni ile iko usingizini, ikiamka itatubeba sote. Mwalimu akanunua kidogo. Bei ikapanda kweli, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tunanunua na kuwaita ndugu zetu nao wanunue. Mwalimu akauza shamba la bondeni aliloachiwa na baba yake, shamba ambamo mama yake alilima mpunga, akaziweka fedha zote katika hisa zile. Mke wake alimkataza. Mwenyekiti akaenda nyumbani kwao mwenyewe, akala chakula cha huyo mama, akamwambia, "Mama, shamba halipandi bei mkiwa mmelala. Hisa inapanda." Miezi ikapita, bei ikaanza kuteleza. Tukauliza kwenye kikundi kama tuuze. Akaandika, "Shikilieni. Anayeuza sasa ni mwoga, na mwoga hali na mashujaa." Tukashikilia. Nani alitaka kuitwa mwoga mbele ya watu mia? Kisha zikaja habari kwamba wakurugenzi wa kampuni wamejiuzulu na hesabu zake hazieleweki. Ikafika siku ukitaka kuuza, unaona safu ndefu ya wauzaji, na upande wa wanunuzi hakuna mtu.

Wakati huo huo jengo la Mwenyekiti lilikuwa linapanda. Ghorofa tatu, kando ya barabara kuu, maduka chini na vyumba vya kupanga juu. Jumapili moja Mwalimu alimuuliza mbele yetu sote, kwa adabu yake ileile, kama mtu anayeomba chumvi. "Mwenyekiti, samahani. Wewe hisa zako za mafuta ziko wapi?" Mwenyekiti akamaliza kunywa soda yake, akajibu, "Niliuza." "Uliuza lini?" "Mlipokuwa mnanunua." Akatutazama mmoja mmoja, na usoni mwake sikuona aibu wala hofu. Nafikiri hata huruma haikuwepo. "Mwalimu, wewe ni msomi. Kila anayenunua, kuna anayemuuzia. Ulidhani nani alikuwa anakuuzia? Malaika?" Mwalimu akafunika mdomo kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza niliona kiganja kile kikifunika kitu kisichokuwa kicheko. Wiki ileile alipooza mkono wa kulia. Sisemi kwamba Mwenyekiti ndiye aliyempooza. Mimi si daktari. Nasema tu kwamba ni wiki ileile.

Tulikwenda kushtaki. Tukaambiwa kwa lugha laini kwamba hakumlazimisha mtu, kwamba ushauri wa hotelini si ushauri wa kisheria, kwamba wengine wetu tuko nchi hii na wengine nchi ile, kwa hiyo kila mlango ulituelekeza kwenye mlango wa ng'ambo. Hapo nilifikiri sana juu ya biashara yetu ya zamani hapa mpakani. Wazee wetu walivusha kahawa, mahindi na sukari kwa neno la mdomo tu. Ukimdhulumu mtu wa Masaba, kule mlimani, leo, kesho habari imefika Malaba, na hakuna atakayekubebea hata kikapu. Udanganyifu ulikuwepo, lakini ulikuwa na gharama. Hisa zimetuletea soko jipya ambamo huoni uso wa anayekuuzia. Mwenyekiti aliishi kwa kutumia masoko yote mawili: alichukua imani yetu katika lile la kale, akaenda kuiuza katika lile jipya, gizani. Nilipokuwa naumwa na fikra hizo, sikujua kwamba mke wa Mwalimu alikuwa amefika mbali kuliko mimi.

Alituita nyumbani kwake, barabara ya kwenda Tororo. Mwalimu alikuwa ameketi pembeni, mkono wake mgonjwa umelazwa juu ya mto. Vijana wa kikundi walikuja na hasira za mawe na moto. Walitaka kulivunja lile duka. Mama akawaambia wakae. "Hakuna mtu atamgusa. Hakuna mtu atamtukana," akasema. "Yeye ametufundisha kwamba shea ikikosa mtu wa kununua, hiyo shea imekufa. Sivyo? Basi na yeye akose mtu wa kununua." Hakufafanua zaidi, wala haikuhitajika. Mwalimu akainua mkono wake mzima. Kwa ulimi mzito akaongeza sharti moja: "Siku atakayosema pole, mumwache. Pole tu. Shamba sidai." Mke wake alimtazama kwa muda mrefu, akakubali kwa kichwa. Nami nilikuwepo, nikakubali pia, kwa furaha ambayo sitaificha.

Msomaji, hujaona soko likifa mpaka uone lile. Siku ya kwanza hakuna aliyeingia dukani kwake. Mwezi ulipoisha, saruji ilikuwa imeganda mifukoni. Mafundi wa upande wake walivuka mpaka kununua misumari kwingine badala ya kuinunua kwake. Vyumba vya ghorofani vikabaki na mabango ya kupangisha hadi jua likayapausha. Aliposimama kwa muuza nyama, nyama ilikuwa imekwisha, ingawa mapaja yalikuwa yananing'inia. Alipoinua mkono kuita bodaboda, pikipiki zote zilikuwa zimekwisha kukodiwa. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi daima. Hakuna aliyemwambia neno baya. Tulimsalimia, tena kwa heshima zote, kisha kila mtu akaendelea na njia yake. Akapunguza bei, akaweka spika ya muziki mlangoni, akatoa zawadi za kalenda. Nilipita pale kila asubuhi ingawa njia yangu ya kazini haikuwa ile. Nilipenda kumwona amekaa mlangoni, akitazama barabara iliyojaa wanunuzi ambao hata mmoja hakuwa wake.

Kisha akaugua figo. Akahitaji kuuza jengo haraka, na habari zilikuwa zimeenea, kila aliyelitaka aliambiwa na majirani, "Ulizia kwanza." Ndipo alipokuja kwa Mwalimu, adhuhuri moja nikiwa pale kwa bahati. Alikuwa amekonda, suti imemning'inia. Hakukaribishwa kiti, wala yeye hakukiomba. Akasema, "Mwalimu, watu wanakusikiliza wewe. Waambie waniachie jengo liuzwe. Au hata ninyi kikundi lichukueni, nitawapa bei nzuri." Mama akatoka jikoni akipangusa mikono. "Bei gani, mzee?" Akaitaja. Mama akapiga hesabu kwa vidole. "Ile shea ya mafuta, ulisema itafika bei gani?" Mwenyekiti akaanza kurekebisha koti lake. "Nauliza tu. Ulikula ugali yangu hapa, ukataja bei. Sisi tuko nazo nyingi, kikundi nzima. Tuhesabu kwa ile bei ulisema wewe, si ya leo. Tukupe zote, utupe nyumba. Tena utakuwa umepata faida." Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mwenyekiti alicheka, kicheko kifupi, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, uso wake ukabadilika. "Mama, zile ni karatasi tupu," akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo," Mama akajibu. "Ni nani alituuzia?"

Alisimama pale mlangoni. Mwalimu akainama mbele kwenye kiti chake, macho yamemtoka, midomo imefunguka kidogo kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi aliyekaribia kabisa jibu. Nami niliona wazi alichokuwa anakisubiri. Silabi mbili tu. Naamini kabisa kwamba zingetamkwa, chai ingewekwa mekoni, na kesho yake mimi mwenyewe ningekwenda kununua misumari nisiyoihitaji. Mwenyekiti akavuta pumzi. "Soko ni soko, Mwalimu," akasema. "Ningekuwa mimi niliyepoteza, msingenirudishia." Akageuka, akaondoka polepole akishika ukuta. Mwalimu akaegemea nyuma na kufumba macho. Mke wake akarudi jikoni. Jengo hatimaye likanunuliwa na mgeni kutoka mbali, kwa bei ya kutupa, na fedha zile zikaishia kwenye mashine za kusafisha damu.

Nilikwenda Masinya, kijijini kwao, kumzika, kama nilivyoahidi. Kwetu mazishi hukusanya hata wasiomjua marehemu. Siku ile viti vya kukodi vilikuwa vingi kuliko waombolezaji, na waliopika walikuwa wa kulipwa. Mchungaji akauliza kama kuna rafiki au mfanyabiashara mwenzake mwenye neno. Akauliza tena. Mjane wake alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa ajili yake, kwa kuwa hakutukosea lolote, nilihisi uchungu wa kweli. Nilitamani mtu asimame. Sikusimama. Mke wa Mwalimu alikuwepo, amevaa gomesi yake ya Jumapili. Ulipofika wakati wa udongo, alichota udongo wake kwa kiganja kama wengine, akaumwaga, akamwendea mjane na kumkumbatia kwa muda mrefu. Njiani kurudi nilimuuliza kama sasa amemsamehe. "Alikuja kwangu kuuza," akaniambia. "Hakuja kuomba. Sasa mimi nasamehe nini?"

Wasomaji wengi huniandikia kuniuliza kama wanunue hisa, na zipi. Nunueni, tatizo letu halikuwa hisa, na kuna waliojenga na kusomesha kwa gawio. Kampuni gani, sijui, na anayejidai anajua kesho ya bei anawadanganya. Lakini siku hizi washauri wamejaa simuni: picha nzuri, gari la kukodi, sauti ya taratibu, na hujui wanalala nchi gani. Kabla ya kumsikiliza mmoja wao, jiulize swali moja tu: nikiumia, nitampata wapi? Kama hujui anakonunua nyama, kanisa analosalia wala barabara anayopita asubuhi, mwache na utabiri wake. Wa kwetu alitumaliza, ni kweli. Lakini alikuwa na duka, na duka lilikuwa na mlango, na mlango ule tuliujua.