Nilifuta filamu za yaya, sura za watu zikabaki

Admin, jina langu ulifiche, lakini hasira yangu iache vile iko. Mi ni mwanamuke wa miaka makumi tatu na moja, sijaolewa, naishi Goma, kartié ya Ndosho. Baba alituachia studio ya picha, mi na kaka yangu mukubwa, ambaye namwita yaya. Mi napiga picha na kuzichapa. Yeye anawekea watu filamu na miziki katika simu.

Mashine ya kompyuta ni moja tu, inatumia Linux, juu flash za wateja zilikuwa zinatujazia virusi. Diski yake niliigawa sehemu mbili: ya kwanza ya picha, ya pili ya filamu za yaya. Vita ilipopanda, watu wa Rutshuru na Kibati walijaa huku. Nyumba zimeungua, album zimebaki kule. Na munajua kwetu: matanga bila picha ya marehemu mbele ya watu, ni kama mutu hakuishi. Wanakuja kwangu: "Dada Foto, ulitupigaka na bwana yangu siku ya ubatizo, ungali nayo?" Natafuta, naipata, mama analia, na mi nalia. Wengine wananiletea zile chache zilibaki mu simu zao, niwawekee zisipotee.

Sehemu ya picha ikajaa pomoni. Mashine ikakataa kupokea hata picha moja. Yaya akasema, "Futa zile za zamani. Zote, futa. Wenyewe walishakimbia."

"Yaya, mu zile kuna watu wamekufa!"

"Wafu hawanunue kintu."

Heeh! Ile neno ilinichoma. Nikamwambia ahamishe filamu zake kwa diski ya inje, nampa wiki mbili. Akacheka. Nikarudia mbele ya bibi yake, ule alimuoa, akacheka tena. Wiki mbili zikaisha. Asubuhi moja, wateja wakiniangalia, nikafuta sehemu yake nzima, nikapanua ya picha mpaka ikachukua nafasi yote. Siku ileile nilipokea picha za familia saba.

Kumbe kwa sehemu ya yaya kulikuwa video ya ndoa yao. Kopi ya pekee! Bibi yake alikaa chini kwa simenti, akalia. Hapo nilikosa, nasema wazi: sikufungua kuangalia kabla ya kufuta. Nilimupigia magoti. Halafu nikatafuta upande wa picha, nikapata za ndoa yao, makumi ine na kitu, baba mwenyewe alizipiga. Zilikuwa mu zile za zamani, zile bwana yake alisema nifute zote.

Nilizichapa, nikamupa mukononi. Alizigeuza moja moja. Yaya naye akaitisha familia: dimanche, siku ya kanisa, niombe musamaha mbele ya wote, nimurudishie sehemu yake, ao nitoe funguo ya studio.

Watu wa page, nishaurini. Bibi yake nimemuomba musamaha, na nitamuomba tena. Lakini mbele ya familia nzima, niseme nilikosa kwa kukataa kufuta watu? Mi, hapana! Kesho mama mumoja wa Kibati anakuja kutafuta sura ya bwana yake, matanga ni samedi, siku moja mbele ya ile dimanche. Funguo bado iko na mi. Niitoe, ao niishike?