Zamu, mwalimu aliyewaacha watoto wagonge ukuta

Jamani, Zamu hayupo. Nimeandika hayo maneno nikafuta, nikaandika tena, na bado naona kama namsingizia mtu.

Juzi jioni alikuwa ananigombeza kwenye simu kwa sababu ya betri. Jana asubuhi dada yake akapiga kutoka Mbale. Presha ilipanda ghafla, hawakuwahi hospitali. Innalillahi.

Kwa msiomjua: Zamu alifundisha watoto wenye ulemavu kuendesha wheelchair za umeme, zile zenye kijiti cha kushika mkononi. Mimi niko Jinja, nazitengeneza. Yeye alikuwa Mbale, anazivunja. Ndivyo nilivyokuwa namwambia, naye anacheka mpaka anakohoa.

Watoto walimwita Afande. Alikuwa binti wa mwanajeshi, alikulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha gwaride. Lakini hakuna mtoto aliyemwogopa.

Siku moja alikuja kuchukua kiti, akasema lazima afanye test drive mwenyewe. Akakiendesha barabarani mpaka kambi ya Kimaka, amepakata nyanya alizotumwa na watu. Wanajeshi wa pale wakampigia saluti. Akawarudishia. Mimi nyuma nakimbia, nahema, nina aibu ya kufa.

Somo lake la kwanza lilikuwa kugonga. Kweli tena. Anamkalisha mtoto, anaweka speed ya chini kabisa, anamwacha. Mtoto anazunguka, anagonga ukuta, anagonga meza, anamgonga yeye mwenyewe. Wazazi wakiruka kushika kijiti, anawazuia: "Kwani wewe ulijifunza kutembea bila kuanguka?"

Mwanafunzi wake wa mwisho ni Faima, binti wa miaka minane. Miguu haimtii, mkono mmoja tu ndio unasikia. Alipopata kiti akaangusha sigiri ya jaja yake, yaani bibi yake, makaa na mchuzi vyote chini. Jaja akakifungia stoo. "Hii kiti itaua mtoto." Faima akarudi kwenye mkeka, kubebwa kama zamani.

Zamu hakugombana. Akawa anaenda tu, anakaa na jaja, wanamenya matoke, kiti hakitaji. Nilimwambia unapoteza muda, andika report, kiti mpe mtoto mwingine. Akanijibu, "Jaja anaogopa. Hata mimi ningeogopa. Acha nikae naye." Mwishowe jaja alitoa ufunguo mwenyewe.

Tukamzika jana hiyo hiyo. Nilimkuta amelazwa sebuleni kwake, wanawake wamekaa chini kumzunguka. Mlango wake hauna ngazi, alimwaga simenti ya mteremko kwa ajili ya watoto. Faima akapandia hapo na kiti chake, akapita katikati yetu polepole, akafika mpaka kitandani. Hakumgusa mtu. Banange, nililia.

Wanaume wakasimama mlangoni, wakati wa kumpeleka msikitini ulikuwa umefika. Tukamwambia Faima atoke. Hakusogea. Chumba ni kidogo, pa kugeuzia hakuna, na kiti kimeziba njia yote.

"Afande bado hajanifundisha kurudi nyuma," akasema.

Wawili wakaja kukinyanyua, yeye akiwa juu yake. Jaja akasimama mbele yao. "Muache. Atatoka mwenyewe." Hakuondoka pale.

Nikapiga magoti karibu na Faima. Mimi ni fundi, mtoto sijawahi kumfundisha hata mmoja. Nikamwambia vuta kijiti kuja kwako, kidogo tu. Kiti kikaruka, kikagonga kabati, vikombe vikalia. Akavuta tena, akagonga mlango. Akawa analia huku anavuta. Hakuna aliyemharakisha. Imamu mwenyewe alisimama juani akingoja.

Na wewe Zamu ukangoja, mpaka akatoka.

Nina hasira na wewe, nakwambia ukweli. Umeniachia kazi nisiyoijua. Jumanne nakuja Mbale kwa Faima, na sijui nitaanzia wapi. Namba yako sijaifuta, na usinitegemee kuifuta.

Haya, nenda dada yangu. Mola akulaze pema. Faima ameshakupisha njia.