Nani Anakaa Pembeni Yako?

LOM, Bulgaria. Saa tatu asubuhi ukungu wa mto Danubi bado haujaamua kuondoka, na kinachoonekana cha Rangel Kamenov ni miguu tu. Imetokeza kwenye mlango wa gari dogo la kijani. Sehemu nyingine yake yote imelala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni, ikitafuta waya mwekundu ambao fundi fulani aliuficha mahali asipopaswa.

"Aliyefunga redio hii alikuwa na basi la kuwahi," anasema kutoka huko chini, baada ya kutema tochi.

Mwenye gari, Krasena Tomova, mpeleka barua wa vijiji vya kando ya mto, amesimama karibu na jiko la kuni na kikombe cha kahawa mikononi. Redio yake ilinyamaza kabla ya Krismasi.

"Mimi nataka isikike tu, Bai Rangel," anasema. Bai ndivyo wanavyomwita wote aliowazidi umri. "Huko ninakopita hakuna hata mbwa wa kunibwekea."

"Itasikika. Ila nijibu kwanza: nani anakaa pembeni yako?"

"Pembeni yangu wapi?"

"Kiti cha abiria. Mume, mtoto, mama mkwe, nani?"

Krasena anafikiri kidogo. "Mfuko wa barua. Na wenyewe siku hizi umekonda."

"Basi mmoja," anasema Rangel, na miguu inajivuta ndani.

Swali hilo huulizwa kila mteja anayeingia katika karakana hii ya Mtaa wa Bandarini, na wengi hudhani ni umbea. Si umbea, ni kazi. Dereva anakaa kushoto, kwa hiyo spika ya kushoto iko karibu na sikio lake na ya kulia iko mbali. Sauti ya karibu inamfikia kwanza, na wimbo wote unaegemea mlangoni. Rangel anaichelewesha ile ya karibu, kidogo mno, mpaka zote mbili zifike pamoja. Hapo mwimbaji hutoka mlangoni akaja kukaa katikati, juu ya dashibodi, ukamsikia kana kwamba ungeweza kumpa mkono.

Lakini raha hiyo ni ya kiti kimoja. Ukimtengenezea dereva, wa pembeni anaharibikiwa. Kama wako wawili, Rangel hukata katikati: hakuna anayepata yote, kila mmoja anapata kiasi.

"Kama ndoa," anasema. "Ukisikia mmoja anasifu sana muziki wa gari lao, jua mwenzake anaumia."

Rangel ana miaka hamsini na minane, masharubu yaliyoungua ncha kwa sigara, na mikono mipana isiyofanana kabisa na nyaya nyembamba inazozishika. Alifungua karakana hii na mkewe Sevdalina mara baada ya kiwanda walichokuwa wakifanya kazi wote wawili kufungwa. Yeye alifunga redio, spika na ving'ora. Sevdalina alipokea wateja, akawapa kahawa, akawauliza nani anakaa pembeni yao. Swali lilikuwa lake yeye, Rangel amelirithi tu.

Wakati ule jibu lilikuwa refu. Watu walisema mke, watoto watatu, bibi wa kupeleka hospitali, jirani mwenye kuku. Msimu wa harusi ulipofika magari yalipanga foleni mpaka kwenye duka la mikate, na vijana walitaka besi ya kutetemesha vioo vya jirani.

Mmoja wao, Tsonko, alitaka spika kubwa kiasi kwamba buti zima lilijaa. Siku ya harusi ikabainika kuwa hakuna pa kuweka mizigo, na bibi harusi akasafiri na sanduku mapajani.

"Mpaka leo yule bibi harusi akiniona ananigeuzia mgongo," anasema Rangel. "Lakini hawajaachana. Wako Hamburg."

Wako Hamburg, wako Valencia, wako Rotterdam. Ukiuliza habari za mteja yeyote wa zamani hapa utajibiwa kwa jina la mji wa watu. Wakirudi Agosti wanakuja na magari yenye skrini kubwa mbele, muziki umo tayari tangu kiwandani, hakuna kinachofunguka. Wanapita karakanani kusalimia, wanasema itabidi tunywe rakia siku moja, wanaondoka. Mwezi mzuri Rangel huingiza leva mia tisa. Januari hii hazikufika mia nne.

"Lakini siyo pesa," anasema, akifuta mikono. "Kuna siku nzima inapita sijasikia sauti ya mtu, na mimi kazi yangu ni sauti. Jibu siku hizi ni lile lile. Niko peke yangu, Bai Rangel. Nitengenezee mimi tu. Natengeneza. Kila mmoja anaondoka na mwimbaji wake."

Juu ya rafu ya vipuri, kati ya makopo ya gundi, kuna ndoo ndogo ya shaba. Hii pia ni ya Sevdalina. Gari lilipokuwa tayari, alitoka na ndoo hiyo na kumwaga maji kidogo mbele ya matairi, kama anavyofanyiwa hapa mtu anayeanza safari, mtihani au kazi mpya, ili mambo yake yateremke bila kukwama. Wateja walilipenda jambo hilo kuliko muziki wenyewe. Mmoja alirudi kutoka njia ya mji wa Montana kwa sababu aliondoka kabla hajamwagiwa.

Miaka kumi na tatu iliyopita aliyeondoka alikuwa Sevdalina. Binti yao alikuwa anaingia chuo kikuu, na huko Bergamo, Italia, kulikuwa na bibi kizee aliyehitaji mtu wa kumwangalia. Wakakubaliana miaka miwili. Asubuhi ya basi, Rangel aliogopa sana mambo yasije yakamkwama mkewe ugenini. Desturi inataka maji ya kulowesha kizingiti. Yeye alijaza ndoo mpaka juu akaimwaga yote, kisha akarudi ndani kujaza nyingine.

Kuzman, mziba pancha wa ng'ambo ya barabara, hajamwachia mpaka leo.

"Wewe ulimwaga Danubi nzima!" anapaza sauti kutoka kwake, akiwa hata hajaulizwa. "Mambo yake yameteremka mpaka yamepitiliza. Atarudije, mwanamke wa watu, na maji yote yale?"

"Ziba pancha, Kuzman!"

Rangel anacheka, lakini anacheka akiangalia pembeni. Yule bibi kizee alikufa, akaja mwingine, halafu dada wa yule mwingine. Binti alihitimu na kuolewa Uholanzi. Sevdalina hurudi Agosti, majuma mawili, wakapika pilipili za kuhifadhi makoponi, wakaenda kijijini kusafisha makaburi ya wazazi. Siku nyingine zote ni simu ya Jumapili.

Na Agosti iliyopita kulitokea jambo ambalo Rangel hakulisema kwa mtu mpaka wiki hii.

Walikuwa wanakwenda kijijini kwa gari lake la kazi, gari jeupe la mizigo ambalo milango yake inafungwa kwa kubembelezwa. Sevdalina alikaa pembeni. Wimbo ukaanza. Kabla hawajavuka reli, akasema, "Sauti imekaa upande wako."

Alikuwa sahihi. Mwanamke aliyeishi na sauti miaka yote ile hadanganyiki. Gari hilo siku zote lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya watu wawili.

"Majira ya baridi kabla ya hapo nilichoka," anasema Rangel. "Kuendesha ukisikiliza wimbo uliokatwa nusu kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, inachosha. Nikasema nausogeza kwangu, kwa muda tu, Agosti naurudisha. Nikasahau."

Akamjibu nini?

"Nilitaka kumwambia hivi ninavyokwambia. Nikamwambia pilipili zimepanda bei."

Sevdalina aliangalia nje ya dirisha mpaka walipofika. Tangu hapo simu za Jumapili zimekuwa fupi. Mwezi uliopita bibi kizee wa mwisho naye akafariki, na familia nyingine inamtaka Sevdalina. Anatakiwa kuwajibu Jumamosi hii. Jumapili iliyopita alimuuliza mumewe aonavyo, na Rangel akajibu kama anavyojibu kila mara: wewe ndiye unayeona.

"Nadhani ni adabu kusema hivyo," anasema. "Sitaki aseme nilimlazimisha."

Karibu na saa sita, redio ya Krasena imepona, lakini kapeti la chini limegandishwa upya na gundi inataka kukauka. Krasena anaangalia saa yake na kuruka: kuna kifurushi cha kuchukua posta kabla hawajafunga kwa chakula.

"Panda, nakupeleka," anasema Rangel. Kisha anasimama, mkono kwenye mlango wa abiria, kama mtu aliyekumbuka jambo. Kiti hicho kimeoshwa. Kitambaa chake ni rangi tofauti na vingine vyote humo ndani. "Panda tu," anasema tena, taratibu.

Mwandishi anabanwa nyuma kati ya marobota ya waya. Gari linaondoka, wimbo unaanza, wa zamani, wa mwanamke na zumari, na kutoka huko nyuma hausikiki vizuri. Krasena anainua mkono hewani mbele yake.

"Bai Rangel! Yuko hapa! Huyu mama yuko hapa mbele yangu, ningemshika pua!"

"Ndiyo."

"Na kwako?"

"Kwangu yuko dirishani kwako. Naletewa mabaki."

"Mwenye gari ndiye anayesikia vibaya? Wewe fundi wa namna gani?" Anacheka, kisha kicheko kinamwishia. Watu wote Lom wanajua Sevdalina yuko wapi. Barua za Italia zilipokuwa bado zinaandikwa, Krasena ndiye aliyezileta. Anaangalia barabara mbele. "Na wewe?" anauliza. "Nani anakaa pembeni yako?"

Rangel anabadilisha gia. Miaka yote hakuna mteja aliyemrudishia swali.

"Hakuna," anasema.

"Yeye anajua umemtengenezea hivi?"

"Hajui."

"Sasa atajuaje akiwa Bergamo? Mimi nimepeleka barua miaka ishirini, Bai Rangel, na sijawahi kupeleka ambayo haijaandikwa." Wanafika posta, anashuka, na mlango unagoma mara mbili kabla haujakubali kufungwa.

Rangel hazimi injini. Anatoa simu, anaiunganisha na spika za gari, anaangalia jina kwenye kioo cha simu. Mwandishi anaomba kushuka.

"Kaa," anasema Rangel. "Ukishuka nitaghairi."

Simu inaita mara nyingi.

"Rangel? Leo Jumatano. Nani kafa?"

Sauti inatoka kwenye spika na kwenda moja kwa moja pale ilipotengenezewa, mbele ya kiti cha abiria. Rangel anageuka kukiangalia kiti. Baadaye anasema hilo hakulitegemea, hakuwa amewahi kumpigia kutoka kwenye gari. Anasema kama asingemsikia amekaa pale angesema habari za kuni.

"Hajafa mtu. Rudi nyumbani, Sevdo."

"Umesemaje?"

"Usiwakubalie wale. Rudi. Nimechoka kula nimesimama."

"Miaka kumi na tatu hujawahi kusema."

"Nasema leo."

Nyuma ya Sevdalina pikipiki inapita katika mtaa wa Italia, na pikipiki hiyo nayo inakwenda kwenye kiti cha abiria.

"Sauti bado imekaa upande wako?" anauliza Sevdalina.

"Hapana. Imekaa kwako."

"Kwetu sote, unataka kusema."

"Kwako peke yako. Tangu ulipoondoka Agosti."

"Mjinga wewe. Na wewe unasikiaje?"

"Vibaya," anasema Rangel. "Navumilia."

Sevdalina hasemi ndiyo. Anasema mkataba si kitu cha kuchezea, anasema mgongo unamuuma, anauliza kama paa la jikoni bado linavuja. Linavuja. Anasema atapiga Jumamosi akishawajibu wale watu. Kabla ya kukata anasema, "Usiguse kitu kwenye hilo gari," na Rangel anaitikia kwa kichwa, kana kwamba anaonekana.

Saa tisa gari la kijani liko tayari. Krasena anawasha redio, mwimbaji anamjia katikati, na uso wake unafunguka. Rangel anatoka na ndoo ya shaba, anachovya vidole, anarusha matone machache mbele ya matairi.

"Hayo tu?" anauliza Krasena. "Maji yameisha mjini?"

"Yanatosha. Nataka wateja warudi."

Kutoka ng'ambo Kuzman anapiga makofi. Gari dogo linapinda kona ya bandari, na mtaa unarudi kuwa mtupu kama ulivyokuwa asubuhi.

Jumamosi karakana haitafunguliwa. Rangel atakaa jikoni karibu na simu, na akisubiri atapanda juu ya meza kuziba paa. Hajui ataambiwa nini, na anakiri kwamba anaogopa. Mpango alionao ni mmoja. Anairudisha ndoo kwenye rafu, kisha anabadili mawazo, anaitoa tena na kuisukuma nyuma kabisa ya boksi la spika mbovu.

"Akija, iwe huku," anasema. "Asije akaiona mlangoni akadhani kuna mtu anaondoka."