Shangazi Aliyekufa Sura ya Tatu

Mke wangu anaandika riwaya, mimi nafundisha hesabu. Watu wakisikia hivyo hunionea huruma, wakidhani nyumbani kwetu maneno yote ni yake. Hawajakosea. Lakini yupo mtu mmoja ambaye mbele yake hata mke wangu hukosa la kusema, naye ni shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Shangazi alikuwa opareta wa simu enzi zile ambazo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine, lazima kwanza uongee na opareta. Kazi hiyo ilimwachia masikio makali na tabia ya kumaliza maongezi yeye mwenyewe. Akiona umesema ya kutosha anatamka "Haya, asante," nawe unajikuta umeshasimama kuaga. Hakuolewa, hakuzaa. Ukimuuliza kwa nini, anasema alikuwa zamuni.

Sasa kosa alilofanya mke wangu ni kosa ambalo asiye mwandishi hawezi kulifanya hata akitaka. Katika riwaya yake ya kwanza alihitaji shangazi. Badala ya kubuni, akamchukua wa kwake mzimamzima. Akamwachia miwani yake iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, akamwachia kijiko anachokiacha kikombeni hata wakati wa kunywa, akamwachia na "Haya, asante" yake. Ili asitambulike, akambadilishia kazi tu: kutoka opareta wa simu akawa karani wa benki. "Hapa hata aliyemzaa hamjui," aliniambia kwa fahari. Halafu, sura ya tatu, akamuua. Shangazi wa kitabuni alipanda kiti kutundika mapazia, kiti kikateleza, na habari yake ikaishia hapo.

Kitabu kilipendwa. Kila ndugu aliyekisoma alimpigia Shangazi simu kumpa pole ya msiba wake.

Mwaka jana tukafikwa na mawili kwa pamoja. Mhariri alitaka mwendelezo wa riwaya, na mwenye nyumba wetu alitaka nyumba yake kwa kuwa mwanawe anaoa. Tulizunguka kutafuta pengine pa kuhamia hadi nikachoka kuitwa mpangaji mtarajiwa. Nyumba moja ilipakana na mchomelea mageti. Nyingine mke wangu aliikataa mlangoni, eti ina huzuni isiyo na sababu. Mwisho Shangazi akasema twende kwake, vyumba vipo vitupu, mwandishi akae aandike mpaka amalize. Tukamshukuru, mimi kwa mikono miwili. Akasubiri tumalize, ndipo akasema, "Ila jambo moja. Huko kwenye mwendelezo, nataka unifufue."

Mke wangu akacheka. Shangazi hakucheka.

"Lakini Shangazi, yule si wewe. Yule ni karani wa benki."

"Najua. Basi mfufue huyo karani."

"Tutaona," mke wangu akajibu, na hilo ndilo jibu la mtu asiye na nyumba nyingine.

Kuhama na mwandishi ni adhabu ambayo siwezi kumwombea hata adui. Watu wengine huandika juu ya boksi kilichomo ndani. Mke wangu aliandika anavyokihisi kile kitu: "Muhimu kiasi", "Si sasa", "Nitajuta". Wiki ya kwanza nilikwenda shuleni na viatu vya ndala kwa sababu viatu vyangu vyeusi vilikuwa ndani ya "Si sasa", na "Si sasa" zilikuwa nyingi.

Na kukaa kwa shangazi wa mkeo, hata kama anakupenda, ni kukaa mgongo wima. Sebuleni kila kochi lina kitambaa chake alichokifuma mwenyewe, na kila kitambaa kina upande wake wa juu. Huwezi kutoka chumbani umevaa singilendi tu. Ukikohoa bafuni, utasikia sauti ya upole kutoka jikoni ikikuuliza, "Mwalimu, umepata baridi?"

Chumba chetu kilijaa maboksi, kwa hiyo mke wangu akaweka kompyuta yake kwenye meza ya chakula. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana ana namna yake ya kufanya kazi: haandiki sentensi mpaka kwanza aitamke. Anaisema, anairudia, anaionja, ndipo anaiandika. Kule tulikotoka aliyekuwa akimsikia ni mimi, nami nilishajifunza kutosikia. Huku, upande wa pili wa meza, alikaa opareta mstaafu akifuma kitambaa, masikio yote mawili yapo kazini.

Siku ya kwanza mke wangu alijaribu pacha. "Mlango ukafunguliwa," akatamka, "na mbele yake akasimama mwanamke aliyefanana na marehemu kama..."

"Mimi sina pacha," Shangazi akasema bila kuinua macho. "Mama angeniambia."

Akajaribu ndoto. Shangazi akauliza kama ndiyo kusema yeye sasa amekuwa ndoto. Akajaribu mzuka, Shangazi akakataa katakata kutisha watoto wa watu. Akajaribu kosa la daktari, kwamba marehemu alikuwa amezimia tu, na hapo nikashindwa kujizuia, nikauliza sasa ndani ya jeneza walizika nini. Wote wawili walinikata jicho. Nikarudi kwenye madaftari ya wanafunzi wangu.

Mhariri naye alipopigiwa simu hakuumauma maneno. "Dada, aliyekufa amekufa. Ukimrudisha, wasomaji watatuona wahuni." Mke wangu aliipiga simu hiyo uani, nyuma ya kamba ya nguo, kwa kunong'ona. Aliporudi ndani Shangazi akamwambia, "Huyo mhariri wako ana sauti ya mtu asiyekula asubuhi."

Ukweli ni kwamba mke wangu alimhitaji shangazi wa kitabuni akiwa amekufa. Mwendelezo wote ulisimama juu ya kifo hicho: shujaa wake, yule msichana, anarithi nyumba ya shangazi yake, anahamia humo, anaanza maisha upya. Na kwa kuwa haoni aibu kuchukua kilicho mbele ya macho yake, nyumba hiyo ya kurithiwa ilikuwa hii hii tuliyokaa, na makochi yake, na vitambaa vyake, na kabati kubwa la vyombo lenye vioo. Akawa anaandika kwa siri, ananong'ona kooni. Nilimwambia anacheza na moto. Akaniambia nisahihishe madaftari.

Asubuhi moja akajisahau. Sentensi ilimjia tamu, akaitamka kwa sauti kamili: "Kitu cha kwanza alichokiondoa ni lile kabati la marehemu, lililokuwa likiizibia nyumba mwanga."

Sindano ya kufumia ikasimama. Shangazi akaligeukia kabati lake. Akalitazama kwa muda, kisha akamtazama mke wangu.

"Umelipeleka wapi?"

"Shangazi, ni hadithi tu."

"Nauliza kabati langu umelipeleka wapi."

"Ame... ameliuza."

Shangazi akakunja kitambaa chake, akaenda chumbani, akafunga mlango. Chakula cha mchana hakutoka. Cha jioni alitoka, akala, akasema chakula kizuri, akarudi. Kesho yake hivyo hivyo. Mtu akigombana nawe kwa adabu namna ile huna pa kushika. Mke wangu hakuandika hata neno. Alikonda uso, akawa anakaa mbele ya kompyuta iliyozimwa. Mwisho akasema bora tuhame, kitabu kife, kuliko aliyemlea amwone hana shukrani. Akaanza kukusanya maboksi, na safari hii hakuandika kitu juu yake.

Nilikuwa nafunga boksi la pili kwa utepe Shangazi alipotokea mlangoni, riwaya ya kwanza mkononi. Alimpa mke wangu, ikiwa wazi mwisho wa sura ya tatu.

"Hapo. Soma."

Mke wangu akasoma, sauti ikiwa chini. "Walimzika Alhamisi. Ijumaa kila mtu akarudi kazini."

"Endelea."

"Imeishia hapo, Shangazi."

"Haya. Sasa fungua pale nilipokunja."

Pale palikuwa na paka. Mimi nilikuwa nimeshamsahau. Paka wa yule msichana anagongwa na baiskeli, naye anamlilia kurasa mbili nzima, anakataa kula, anamchimbia kaburi kwa mikono yake chini ya dirisha. Mke wangu alisoma mistari michache, akakishusha kitabu.

"Paka nampenda hata mimi," Shangazi akasema. Akakaa juu ya boksi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, yeye mtu wa viti na vitambaa. "Lakini mimi sina mtoto. Siku nikifa kweli, wa kunililia ni wewe. Na ulipopata nafasi ya kujaribu, watu wakarudi kazini."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilituuma. Mke wangu akapiga magoti pale chini katikati ya masufuria.

"Nilishindwa kuandika hapo, Shangazi. Kila nikianza nakuona wewe. Nikaparuka."

"Sasa usiparuke."

Hatukuhama. Siku ile ile mke wangu alirudi mezani, Shangazi akakaa mahali pake na sindano zake, mimi na madaftari yangu. Mke wangu akatamka sentensi ya kwanza, akaifuta. Akatamka nyingine. Polepole yule msichana akaingia katika nyumba aliyorithi, akasimama mbele ya kabati, akataka kutoa vyombo ili lije gari la kulibeba. Kabati limefungwa. Anatafuta ufunguo, haupo. Bila kufikiri anachukua simu yake ya mkononi na kumpigia shangazi yake amuulize ufunguo kauweka wapi.

"Na simu," mke wangu akatamka, "ikaanza kuita mle mle sebuleni, mgongoni kwake, juu ya..."

Hakuweza kumaliza. Alijaribu tena tangu mwanzo wa sentensi, akafika pale pale. Machozi yakaanza kumtoka, akayaacha, akaendelea kuandika: msichana hakati simu, na simu ya nyumba inaita, hakuna wa kuipokea, naye amekaa sakafuni analia kwa sauti mpaka jirani anagonga ukuta. Mimi nilikuwa chini ya meza natafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Shangazi alikuwa ameacha kufuma. Alisikiliza jinsi alivyozoea kusikiliza kazini, kichwa upande mmoja, mkono umesimama hewani kidogo.

"Iache iite mpaka mwisho," akasema. "Usiikate."

"Siikati, Shangazi."

Akangoja mke wangu afute uso kwa kiganja. Kisha akamuuliza, taratibu, "Hicho kilio ni cha kazi, au unalia kweli?"

"Kweli, Shangazi."

Shangazi akavua miwani yake, akaifuta kwa kile kitambaa alichokuwa anakifuma, akaivaa tena.

"Basi usinifufue," akasema. "Niache huko huko."